Nesi mpya kwenda kuonana na meneja wa wodi: inasaidia au unajiharibia?

"Shikamoo dada. Mimi ni Mtanzania niko Houston, nimemaliza ADN (diploma ya unesi ya miaka miwili) mwezi wa tano, NCLEX (mtihani wa leseni ya unesi) nimepita mara ya kwanza mwezi wa saba. Kabla ya hapo nimefanya CNA (msaidizi wa nesi) miaka minne nesingi homu, yaani makao ya wazee. Tangu nipate leseni nimeomba kazi za hospitali onlaini zaidi ya 60, nyingi jibu linarudi kesho yake kwamba wameendelea na waombaji wengine, nyingine kimya kabisa. Rafiki yangu anasema niachane na kompyuta, nichapishe CV niingie wodi kwa wodi kuonana na mameneja. Mwingine anasema nikifanya hivyo HR (idara ya rasilimali watu) wataniandika vibaya na sitaitwa tena. Halafu naogopa lafudhi yangu, nikiongea watu wananiambia nirudie. Nesingi homu wanataka nibaki palepale kama RN (nesi mwenye leseni kamili). Nifanyeje dada, nimechoka."

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Kupita NCLEX mara ya kwanza huku usiku unageuza wazee kitandani si jambo dogo, ile ya kusoma ndani ya gari dakika ishirini kabla ya shifti naijua maana na mimi nilianza na CNA hapahapa Texas. Baadaye nilikuja kuwa meneja wa wodi ya vitanda 28 kwa miaka sita, wagonjwa wa kawaida na waliotoka upasuaji, kwa hiyo nakujibu kama yule mtu ambaye rafiki yako anakwambia ukamgongee mlango.

Rafiki zako wote wawili wana kaukweli kidogo na wote wamekosea. Kwenda kwa meneja kunasaidia, tena sana, lakini ukienda bila kujua meneja ana uwezo gani na hana uwezo gani utamwomba kitu asichoweza kukupa, atakujibu "omba onlaini", utarudi nyumbani ukidhani amekufukuza kumbe amekwambia ukweli.

Tuanze na hizo 60, maana naona zimekuumiza. Nafasi ya kazi inavyozaliwa ni hivi: nesi anaacha kazi, meneja anaandika ombi la kujaza nafasi, linapanda kwa mkurugenzi na watu wa fedha, likikubaliwa linapewa namba na kuwekwa kwenye tovuti. Kuanzia hapo linashikwa na rikruta wa HR, yaani mtu wa kuchuja waombaji, ambaye ana wodi nyingi kwa mpigo na mara nyingi si nesi. Wewe ukijaza fomu kuna maswali pale, moja linauliza kama una uzoefu wa mwaka mmoja kama RN hospitalini, ukijibu hapana (na lazima ujibu hapana, usidanganye) mara nyingi sistimu inakuweka pembeni hapohapo. Lile jibu la kesho yake mara nyingi hakuna binadamu aliyekaa akasoma jina lako akasema huyu simtaki. Meneja mimi nilikuwa naletewa majina matano, sita, basi, hao wengine sikuwahi kujua wapo. Kwa hiyo usihesabu kwamba watu 60 wamekukataa, kuna uwezekano mkubwa kwamba mameneja waliokuona ni wawili watatu au hata hakuna.

Sasa kwanini wanaogopa nesi mpya? Watu wengi wanadhani ni kwa sababu hajui kazi. Kutojua kazi tunategemea, hakuna anayetoka chuo anajua, shida ni hesabu. Nesi mpya wodi ya kawaida anafundishwa kama wiki 10 mpaka 12, ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) inaweza kwenda miezi minne na zaidi, na muda wote huo anafanya kazi ubavuni mwa nesi mzoefu, tunamwita prisepta, wawili wanalipwa mshahara kwa wagonjwa walewale watano. Meneja kila mwezi anaulizwa masaa mangapi ya nesi yametumika kwa kila mgonjwa kwa siku, akizidisha anaitwa kujieleza. Halafu akishamaliza kukufundisha ukahama baada ya miezi nane anaanza upya na prisepta wake wameshachoka. Hiyo hofu ya kuachwa ndo kubwa kuliko zote, kubwa kuliko lafudhi yako, ishike kichwani maana tutairudia.

Kwa sababu hiyo hospitali kubwa nyingi zinakusanya manesi wapya kwa makundi, wanaita rezidensi, mara nyingi ni programu ya mwaka mzima, kundi linaanza mara chache kwa mwaka na maombi yanafungwa miezi kadhaa kabla, wakati mwingine mtu hajahitimu bado. Pale Texas Medical Center ulipo, eneo kubwa la hospitali kuliko yote duniani, ndo mtindo wenyewe. Ukiomba nafasi za kawaida kwenye hospitali za namna hiyo ukiwa mpya umepanga foleni isiyo yako. Kaa leo uangalie zile 60, ngapi ziliandikwa rezidensi au nesi mpya? Kama ni kumi tu, basi umeomba kumi.

Haya, meneja anaweza nini. Hawezi kukuajiri koridoni, hata akikupenda kama mtoto wake. Anachoweza ni kumpigia rikruta na kusema naomba uniletee jina la fulani kwenye nafasi namba fulani. Anaweza pia kukuchagua siku ya intavyuu kwenye watu wanaofanana karatasi, na mara nyingine anaweza kuigeuza nafasi iliyoandikwa mzoefu ikawa ya mtu mpya kama prisepta wake yuko huru. Kwa hiyo unaenda kwake ili ajue jina lako na alitafute kwenye rundo, na ili jina lilitafutwe lazima liwe tayari limo. Ndo maana nakwambia omba onlaini kwanza, andika namba ya nafasi kwenye karatasi, halafu ndo uanze kumtafuta mtu.

Kumtafuta si kazi ngumu. Piga namba kuu ya hospitali, omba kuunganishwa na wodi, atapokea karani wa wodi. Msalimie vizuri, mwambie wewe ni nesi mpya ungependa kumwandikia meneja, jina lake nani na linaandikwaje. Wengi wanakwambia, asipokwambia shukuru, usilazimishe, tafuta LinkedIn. Halafu andika imeili fupi, sentensi sita zinatosha. Maana yake iwe kama hivi, kwa Kiingereza chako mwenyewe: jina langu fulani, ni RN mwenye leseni ya Texas, nimeomba nafasi namba hii kwenye wodi yako tarehe hii. Nimekuwa CNA miaka minne, shifti ya usiku, wakazi kumi na wawili mpaka kumi na tano kwa usiku mmoja. Naomba wodi yako kwa sababu (hapa weka sababu ya kweli, kwa mfano mnapokea wagonjwa wa kiharusi na mimi nimewahudumia wakishatoka kwenu). Naishi dakika 25 kutoka hapo, familia yangu iko hapa, natafuta mahali pa kukaa nijifunze. Kama una dakika kumi wiki hii au ijayo nitashukuru, siku za Jumanne na Alhamisi nipo huru. CV nimeambatanisha.

Umeona ile sentensi ya familia na dakika 25? Ni ile hofu niliyokwambia, umeijibu kabla hajauliza.

Asipojibu siku saba mpaka kumi mwandikie mara moja tena, mistari miwili. Baada ya hapo sasa unaweza kwenda mwenyewe, hasa hospitali ndogo na za pembeni, Katy, Pearland, Conroe, Baytown huko, ambako meneja yupo na mlango wake uko wazi. Hospitali kubwa za katikati huwezi hata kupanda lifti bila beji ya mgeni, na nyingi mameneja wameambiwa wazi wasipokee waombaji wa rezidensi nje ya HR, kule tumia imeili na watu unaowafahamu ndani.

Nikuelezee wageni wawili nilioletewa mlangoni kwangu, wote wapya kama wewe.

Wa kwanza alikuja saa moja na dakika kumi asubuhi. Saa hiyo shifti zinabadilishana, manesi wa usiku wanatoa ripoti, simu inalia, mgonjwa wa chumba cha 14 anashuka upasuaji na fomu ya ridhaa haijasainiwa. Huyu kijana ameingia kwa kumfuata mfanyakazi mlango wa beji, amesimama kaunta na bahasha ya kaki, anatazama ubao wenye majina ya wagonjwa. Mtoto wa watu hakuwa na nia mbaya, ila nilichokiona mimi ni mtu asiyejua shifti inabadilika saa ngapi na amesimama kusoma majina ya wagonjwa wasiomhusu. Nilimtoa kwa upole, nikamwambia aombe onlaini. Jina lake hata sikuliandika.

Wa pili alikuja Jumatano saa nane na robo mchana, ana beji ya mgeni ya pale mapokezi. Kabla ya kuvuka mlango wa wodi alibonyeza sanitaiza ukutani akasugua mikono mpaka ikakauka, bila kuangalia kama kuna mtu anamwona. Machela ikapita, akabana ukutani, akamsalimia mgonjwa aliyelala juu yake. Akamuuliza karani kama meneja ana dakika mbili, na kama hana angependa kuacha karatasi. Nilikuwa na mkutano, nikatoka kumsalimia tu, akaniambia jina lake, kwamba ameshaomba nafasi na namba yake ni hii, kwamba alikuwa CNA na anapenda wagonjwa wa upasuaji, halafu akauliza kitu kimoja: "Mtu mpya anayefanikiwa kwenye wodi yako huwa yukoje?" Nilijikuta nimesimama dakika kumi na kwenye mkutano nikachelewa. Jioni ile nilimpigia rikruta. Jina lake lilikuwepo, sistimu ilikuwa imeliweka pembeni.

Kwa hiyo hiyo habari ya kuandikwa vibaya iondoe kichwani, hakuna anayekuandika kwa sababu umefika kwa adabu mara moja. Kinachoharibu ni kuja saa mbaya, kupenya mlango wa beji, kurudi kila wiki, au kusimama kwenye kompyuta na ubao wa wagonjwa, maana siri za mgonjwa hapa ni sheria tangu 1996 na meneja yeyote hilo analiona kabla ya CV yako. Njoo katikati ya wiki, saa saba na nusu mpaka saa tisa mchana, vaa nguo safi za kawaida za ofisini, skrabu (sare ya hospitali) usivae. Keki na donati usibebe, utamfanya ajisikie anahongwa.

Na usiombe kazi. Omba ushauri, au omba kumfuata nesi wake masaa manne uone wodi inavyokwenda, hospitali nyingi zina utaratibu wa hiyo kitu kupitia HR, na ukikubaliwa basi hiyo ndo intavyuu yenyewe hata kama hawaiiti hivyo, kwa sababu ukiondoka tu meneja anauliza manesi wake "mnamwonaje?" na jibu lao lina nguvu kuliko barua yoyote.

Lafudhi. Hapa nataka nikuambie ukweli bila kukupaka mafuta. Wapo watakaokuhukumu kwa lafudhi, yamenikuta, sitakuficha. Lakini meneja mwenye akili anachosikiliza ni usalama, yaani ukipokea oda ya dokta kwa simu saa tisa usiku utaielewa na utaeleweka? Ukiambiwa urudie usinywee, rudia taratibu, na uonyeshe kwamba una mbinu. Mfano namba 15 na 50 kwa Kiingereza zinafanana masikioni, hata Wamarekani wenyewe zinawachanganya, kwa hiyo nesi makini anasema moja-tano au tano-sifuri, halafu anarudia oda yote kwa dokta kabla ya kukata simu. Ukisema hivyo kwenye intavyuu, "lafudhi yangu naijua, ndo maana oda zote za simu nazisoma tena kwa sauti", umegeuza kile unachokiogopa kuwa sababu ya kukuamini. Ninayemwogopa mimi ni nesi anayeitikia "ndiyo" wakati hajaelewa, na huyo anaweza kuwa amezaliwa hapohapo Houston.

CV yako nina wasiwasi nayo, maana ma-CNA wengi wetu tunaandika "niliogesha, nililisha, nilipima presha" halafu basi. Miaka minne, mdogo wangu! Andika ulihudumia wangapi kwa shifti. Na uwe na hadithi moja tayari, ya kweli, ya siku uliyomwona bibi ambaye kila siku anakusalimia leo hakusalimii, hajagusa uji, anaongea vitu visivyoeleweka, ukamwita nesi badala ya kusema ni uzee, ikaonekana ana maambukizi ya mkojo. Nina hakika unayo ya namna hiyo, kila CNA anayo. Kugundua kwamba mtu amebadilika kabla mashine haijalia ndo kazi yenyewe ya nesi wa wodi.

Kuhusu ADN, utasikia watu wanasema hospitali zenye hadhi ya Magnet (hadhi inayotolewa kwa hospitali zenye unesi bora) haziruhusiwi kuajiri mtu asiye na BSN, yaani digrii ya kwanza ya unesi. Siyo kweli, sharti la digrii kule ni kwa mameneja na viongozi wa manesi, hawa wa kitandani halijawekwa. Ila hospitali nyingi zenyewe zimeamua kupendelea BSN, hasa baada ya ile ripoti ya taifa ya 2010 iliyotaka manesi asilimia 80 wawe nayo ifikapo 2020. Kwa hiyo jiandikishe RN kwenda BSN onlaini hata kwa somo moja, halafu kwenye CV andika umeanza na unategemea kumaliza lini, baadhi ya milango inafunguka kwa mstari huo tu.

Sasa nesingi homu. Hili ndo gumu na sitaki uamue kwa hasira wala kwa uchovu. Kazi ya RN pale ni kazi ya heshima, inalipa bili, utajifunza dawa na kuongoza watu. Hatari yake ni hii: rezidensi nyingi zinataka mtu mwenye uzoefu wa RN usiofika mwaka, nyingine miezi sita tu, na ukishapita hapo si mpya tena kwao, lakini nafasi za wazoefu nazo zinataka mwaka wa hospitali na nesingi homu wengi hawaihesabu. Unabaki katikati. Kama pesa inakubana chukua, tena bila aibu, ila chukua kwa masaa machache na endelea kuomba ukiangalia kalenda, weka tarehe ya miezi sita kwenye simu yako. Kama unaweza kuvuta miezi miwili mitatu bila hiyo kazi, mimi ningevuta.

Kuna wanaoshauri uingie hospitali kama msaidizi wa wodi halafu uhamie ndani. Ungekuwa bado mwanafunzi ningekwambia kimbia ukaifanye, ndo njia bora kuliko zote. Lakini leseni umeshapata, na bodi ya manesi ya Texas inakuhesabu kwa leseni yako hata ukiwa umeajiriwa kwa cheo cha chini, maana yake mgonjwa akibadilika utaulizwa kama RN huku unalipwa kama msaidizi. Hospitali zingine hazikubali kabisa. Afadhali uangalie hospitali za wagonjwa wa muda mrefu wenye mashine za kupumulia, hospitali za kurudisha viungo, au utoke nje ya Houston kabisa, Beaumont, Lufkin, Victoria, huko wanahitaji watu na meneja unaweza kumpata kwa simu siku hiyohiyo. Mwaka mmoja wa hospitali huko sehemu nyingi unahesabika. Ukiona tangazo limeandikwa 0.9 usitishike, ni shifti tatu za masaa 12 kwa wiki, masaa 36, hiyo ndo kazi kamili kwao.

Mambo mengine usiyamalize kwa kuniandikia mimi. Nenda chuoni kwako ofisi ya ajira, vyuo vingi bado vinamhudumia mhitimu, waambie wakufanyie intavyuu ya mazoezi na mtu anayekuuliza uso kwa uso, lafudhi inapona hapo zaidi ya kwenye kioo. Mwalimu wako wa kliniki pia mtafute, anawafahamu mameneja kwa majina. Kama uko hapa kwa kibali cha kazi cha mwanafunzi, ona mwanasheria wa uhamiaji kabla hujasaini kitu chochote, kile kibali kina hesabu ya siku za kukaa bila kazi. Wakikupa bonasi ya kusaini ya maelfu ya dola soma utarudisha kiasi gani ukiondoka kabla ya miaka miwili, na kama huelewi lipia mwanasheria nusu saa. Na hilo neno la mwisho, "nimechoka", kama halikuachi hata siku za kupumzika, hulali au huli vizuri, muone daktari wako mwenyewe, hilo lisisubiri kazi ipatikane.

Wiki hii chagua wodi tano tu, zile ambazo kweli ungependa kuamka asubuhi uende. Omba, andika namba, piga kwa karani, tuma imeili tano. Ukiitwa intavyuu niandikie ni wodi gani na ya wagonjwa gani, nitakuandalia maswali wanayopenda kuuliza pale.